Vitumbua saba, kurasa kumi na sita

Aarhus, Denmark
12 Desemba

Wifi yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Salaam nyingi kwako, kwa kaka na kwa watoto wote hapo Tanga. Mama mfikishie shikamoo yangu, na umwambie mkono wake naubusu kwa mbali. Sisi wazima, alhamdulillahi. Jua la huku mwezi huu linazama kabla ya saa kumi jioni, watoto wanashinda ndani, na nyumba nzima inahamia jikoni.

Uliuliza mawili kwa mpigo: vitumbua tunavipikia chuma gani, na kijitabu cha watoto kinatengenezwaje kwa vifaa vya steshenari ya mtaani. Nayajibu pamoja kwa sababu huku yanafanyika pamoja. Uji wa vitumbua ukishatiwa hamira unadai saa nzima au zaidi ya kusubiri, na muda huo ndio unaotosha kukunja na kushona kitabu kimoja.

Nianze na chuma, na usinicheke. Wadenmark wana vitumbua vyao. Wanaviita ebleskiva, yaani vipande vya tufaha, ingawa siku hizi tufaha lenyewe halimo tena. Ni unga wa ngano, mayai na maziwa, na vinaliwa Desemba kwa jamu na sukari ya unga. Chuma chake ni ndugu wa chuma chetu, na cha kawaida kina matundu saba, moja katikati na sita yakilizunguka. Kugeuza wanageuza kwa sindano ya kufumia sweta. Mila hiyo nawakubalia: sindano ni nyembamba, inaingia ukingoni bila kuchana ganda, wakati uma unakwangua tundu na kuondoa mafuta yaliyokwisha kukolea kwenye chuma. Kwenu kijiti cha mshikaki kinatosha.

Vyuma hivi vinasumbua kwenye majiko ya umeme. Cha alumini kwenye jiko la induksheni hakipati moto hata kidogo. Jiko hilo linataka chuma kinachoshikwa na sumaku. Na chenye tumbo la mviringo kwa chini kinagusa kioo cha jiko katikati tu, kwa hiyo tundu la kati linaungua huku ya pembeni yakiwa bado mabichi. Dawa yake ni kupasha polepole dakika 5 hadi 7, moto wa kati, na tundu la katikati lijazwe mwisho. Nyinyi wa mkaa hamna balaa hilo. Yatandazeni makaa yafike ukingoni, msiyarundike chini ya kati.

Vipimo: mchele nusu kilo, tui mililita 400, sukari gramu 150, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki punje 8 hadi 10, chumvi kidogo sana, na wali uliobaki nusu kikombe. Vinatoka vitumbua 28 hivi, yaani mizunguko minne ya matundu saba. Mchele uoshwe na ulowekwe usiku kucha; chini ya saa sita haulainiki hadi ndani, na hapo blenda inaacha chenga. Chenga ndizo zinazomfanya mtu atafune kitumbua kama kina mchanga. Sagia tui, usisagie maji, na usimamishe blenda pale tu ukipikicha uji kati ya vidole viwili usipohisi punje. Wali unasagwa humo humo. Kazi yake ni kushikamanisha, kitumbua kisivunjikevunjike kesho yake. Wapo wanaoweka vijiko viwili vya unga wa ngano badala ya wali. Kinainuka, sikatai, lakini kinaanza kunukia andazi.

Wewe una mbuzi na kifumbu, basi chukua nazi mbili kubwa: kasimile yote iingie, halafu maji ya mkamuo wa pili yafikishe mililita 400. Sisi tuna kopo, na kopo lazima lisomwe kibandiko. Yako ambayo nazi ni asilimia 50 na kitu, yako yanayozidi 80, na mengine yametiwa gundi ya kuongeza uzito. Lililo zito tunalipunguza kwa robo ya maji, kwa sababu mafuta ya nazi yakizidi kitumbua kinanywea ndani na hakiinuki. Kwa mchele, basmati au jasmini unafaa. Ule mchele mfupi wanaopikia uji wa maziwa hapa usiuguse, maana wanga wake unanata na kitumbua kinakuwa kama gundi katikati.

Hamira ijaribiwe kwanza peke yake: robo kikombe cha maji ya vuguvugu, sukari ncha ya kijiko, dakika 10. Isipotoa povu imekufa, itupe, usijidanganye kwamba itaamka ndani ya uji. Joto la Tanga linatosha kuumua kwa dakika 45 hadi saa moja. Huku jikoni kuna nyuzi 20, kwa hiyo bakuli linakaa ndani ya oveni iliyozimwa yenye taa tu inayowaka, na linachukua saa moja na nusu. Uji uliokaa mno unachachuka na kushuka. Ukiona povu juu limeanza kubonyea, umechelewa, pika mara moja. Na usiukoroge kwa nguvu kabla ya kumimina, utatoa hewa yote uliyoingoja.

Kila tundu kijiko cha chai cha mafuta, yapate moto, mimina robo tatu. Tone la kwanza lazima lilie. Lisipolia chuma hakijapata moto, na kitumbua kitaganda. Dakika 2 au 3, kingo zikiwa rangi ya kahawia na kati bado kumelowa kidogo, geuza. Kikiwa cheusi nje na kibichi ndani, ama moto umezidi ama sukari imezidi. Sukari inaungua kabla wanga haujaiva. Wanaotaka utamu zaidi wachovye kwenye asali mezani.

Sasa kitabu.

Ushauri wa kwanza wanaopewa waandishi wa watoto huku Ulaya ni idadi ya maneno: mtoto wa miaka mitano, maneno kadha kwa ukurasa. Kwa Kiswahili hesabu hiyo inapotosha. Neno letu moja ni sentensi yao nzima. “Hawajakigeuza” ni neno moja, lakini mtoto wa darasa la kwanza ana silabi sita za kupanda: ha-wa-ja-ki-ge-u-za, hapana, saba, unaona hata mtu mzima anakosea. Kwa hiyo hesabu silabi. Anayeanza kujisomea mpe neno la silabi mbili hadi nne, na sentensi isiyozidi silabi 12. Wewe unafundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), unajua wanapokwama: mbw, ndw, na ng yenye ritifaa (ng') na isiyo nayo. Ngoma na ng'ombe zisikutane ukurasa mmoja, labda kama ndilo somo lenyewe. Kitabu cha kusomewa na mkubwa ni habari nyingine, hicho kinaweza kubeba neno refu likiwa na mlio mzuri, kwa sababu anayelibeba ni ulimi wako.

Nakupa matini ya kuanzia, maneno 77 tu. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu. Wa 2 majina ya waliokitengeneza, na mstari mtupu wa mwenye nakala kuandika jina lake (huo usiusahau, watoto wanaupenda kuliko hadithi). Ukurasa wa 3:

“Bibi anapika vitumbua. Chwaa! Mafuta yanalia.”

Wa 4: “Vitumbua saba vimeiva.”

Wa 5: “Hodi, hodi! Nani huyo?”

Wa 6: “Ni babu. Kimoja cha babu. Vimebaki sita.”

Na hivyo hivyo hadi mwisho. Hodi inapigwa kurasa za 5, 7, 9, 11, 13 na 15, mgeni anafunguliwa kurasa za 6, 8, 10, 12, 14 na 16. Wageni ni babu, mama, jirani, fundi, dada, baba. Ukurasa wa 16: “Ni baba. Kimoja cha baba. Kimebaki kimoja. Cha nani?” Kitabu kinaishia hapo, kwenye swali. Jibu ni la mtoto anayesikiliza, na hakuna haja ya kuliandika, kila mmoja atapiga kelele “changu!”, na sahani ya kweli iwe karibu.

Mpango huo una sababu mbili. Ya kwanza ni kufunua ukurasa. Kitabu kikiwa wazi, namba witiri ziko kulia na shufwa ziko kushoto. Swali likikaa kulia, chini, jibu linajificha nyuma ya karatasi, na mtoto anatamani kufunua. Swali likikaa kushoto na jibu kulia, macho yameshaliona jibu kabla hujamaliza kuuliza, na hodi inakuwa haina maana. Ukiongeza ukurasa mmoja mahali popote, mpangilio wote unageuka upande, kwa hiyo ongeza kurasa mbili mbili.

Sababu ya pili ni ngeli. Vitumbua saba, vitumbua sita, halafu ghafla vitumbua vitano, vinne, vitatu, viwili, na mwisho kitenzi nacho kinageuka: kimebaki kimoja. Moja hadi tano zinachukua kiambishi, nane pia, lakini sita na saba zinakataa, pamoja na tisa na kumi. Mtoto wa Tanga anaokota hayo barazani bila kufundishwa. Mtoto anayehesabu kwa Kidenmark shuleni, ambako 23 inatamkwa tatu-na-ishirini, anasema “visita” na “visaba”, naye ana mantiki yake. Kumsahihisha kila mara kunamfunga mdomo. Kumsomea kitabu hiki jioni kumi mfululizo kunamnyoosha bila neno la ukali.

Chuma chenu kikiwa na matundu zaidi ya saba, kitabu kisibadilike. Pakua saba kwenye sahani.

Kukunja: chukua karatasi nne za A4, zikunje pamoja katikati upande mfupi kwa mfupi, unapata kurasa 16 za A5. Kabla ya kuandika chochote, uweke namba kwa penseli huku zimekunjwa, kisha zifunue. Utaona ya nje kabisa ina 16 na 1 upande mmoja, na 2 na 15 upande wa pili. Ya ndani kabisa ina 8 na 9 zikitazamana. Kipimo cha kujihakiki ni kwamba kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi daima zinajumlika 17. Zikileta 16 au 18, umekosea, anza upya kabla wino haujaingia. Ukitaka kitabu cha kurasa 32, kama vile vingi vya picha vinavyouzwa madukani, ni karatasi nane, na jumla ni 33.

Picha zichorwe kwa kalamu nyeusi. Fotokopi haioni manjano wala bluu hafifu, na penseli inatoka kijivu cha ukungu. Atakaye rangi apake baada ya kutoa nakala. Acha sentimita moja na nusu tupu kila upande wa mkunjo, sura ya mtu isiingie humo, itamezwa na mshono. Maandishi yawe ya ukubwa wa pointi 20 hadi 24, na herufi a iwe ya mviringo na kimkia kama unavyoiandika ubaoni, isiwe ile yenye kofia ya kwenye magazeti. Kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza hizo ni herufi mbili tofauti.

Mchoraji wenu, vyovyote atakavyokuwa na kipaji, mhesabie vitumbua. Ukurasa unaosema “vimebaki vinne” uwe na vinne kwenye sahani, si vitano. Watu wazima hawaoni. Mtoto anaona mara ya kwanza, na kuanzia hapo hakiamini kitabu. Khanga ya bibi nayo isibadilike ukurasa kwa ukurasa. Mchagulie mji (ule uwanja wa kati wa khanga) mwepesi, duara tatu na pindo la mistari, maana ataichora mara kumi na zaidi.

Ukifika steshenari mwambie kijana wa fotokopi ageuze karatasi kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini miguu juu. Toa nakala moja kwanza, ikunje pale pale kaunta, ndipo aendelee na zilizobaki.

Jalada ni manila ya A4. Manila ina njia ya nyuzi: ikunje kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, utasikia upande mmoja unakubali na mwingine unagoma. Mkunjo ukifuata njia inayokubali hauvunji rangi. Ikibidi kwenda kinyume, pitisha kwanza mgongo wa kisu kando ya rula, ukandamize bila kukata, ndipo ukunje.

Kushona. Pini za stepla ziache. Mkono wa stepla ya kawaida haufiki katikati ya A4, na kwa hewa ya bahari ya hapo pini zitashika kutu na kuchafua karatasi. Uzi unashinda. Fungua kitabu katikati, kurasa za 8 na 9, jalada likiwa nje, toboa kwa shazia au sindano nene mashimo matatu kwenye mkunjo: sentimita 4 kutoka juu, 10.5, na 17. Kata uzi wa pamba nzito sentimita 55, unaozidi kidogo urefu wa mgongo mara mbili na nusu. Zaidi ya hapo unafanya mafundo. Anza ndani, shimo la kati, utoke nje, ubakize mkia wa vidole vinne. Nje panda hadi shimo la juu, ingia ndani. Ndani shuka moja kwa moja hadi shimo la chini ukiliruka la kati, toka nje. Nje panda hadi la kati, ingia ndani. Sasa una ncha mbili katikati na uzi mrefu unaopita baina yao. Ncha moja ikae kushoto kwa uzi huo, nyingine kulia, vuta kufuata mgongo, funga fundo mara mbili juu yake. Ukivuta kwenda juu, kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, mashimo yanachanika. Kosa jingine ni kuutoboa ule uzi wa kwanza unaporudi shimo la kati, na hapo haukaziki tena. Usukume pembeni kwa kidole kwanza.

Karatasi za ndani zitachomoza kidogo kuliko za nje. Ni kawaida, karatasi zinamezana. Kwa nne ni kiasi kidogo, mkasi unasawazisha.

Ratiba yetu basi: mchele unalowekwa Ijumaa usiku. Jumamosi baada ya chai unasagwa, hamira inaingia, bakuli linafunikwa. Watoto wanakunja na kuweka namba, mkubwa anatoboa, watoto wanapitisha uzi. Kushona kukiisha chuma kinawekwa motoni. Kitabu kinasomwa mara ya kwanza wakati wa kugeuza, kwa sauti, vitumbua vikiwa bado jikoni, na hapo ndipo matini inapojulikana. Pale ulimi wako unapojikwaa mara mbili sentensi ni mbovu, hata kama sarufi imenyooka. Pale watoto wanapotazama dirishani, kata. Andika masahihisho kwenye nakala ya penseli kabla hujaenda kutoa nakala za darasa.

Ukisoma, anza na paukwa, wakuitikie pakawa, darasa litulie. Mara ya tatu acha neno la mwisho walijaze wenyewe: “Vimebaki...” Na usiwaulize maswali ya mtihani baada ya kufunga kitabu.

Ukihitaji mifano ya urefu na ugumu, African Storybook, mradi wa Saide wa Afrika Kusini, una hadithi za bure za kupakua na za Kiswahili zimo nyingi, zimepangwa kwa ngazi. Soma ngazi ya kwanza tano au sita uone jinsi ukurasa unavyoridhika na sentensi moja. Tafsiri nyingine zimekaa kizungu, utazitambua mara moja ukizisoma kwa sauti.

Darasa lako likipenda kuwa na siku ya kuonyesha vitabu, chagua 2 Aprili. Ndiyo Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto tangu 1967, ilipangwa siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, mwaka 1805, mjini Odense, safari fupi ya treni kutoka hapa. Muda upo wa kutosha, hata mkiharibu karatasi za kutosha.

Nakutumia nakala mbili ndani ya barua hii. Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo kitabu na jalada lake kinakaribia gramu 30. Nimevifunga kwenye nailoni kwa ajili ya unyevu. Kimoja ni cha watoto, kimeshonwa. Cha pili sijakishona, kusudi ukifunue uone namba zilivyokaa. Picha za ukurasa wa 12 zimeachwa tupu makusudi, wakuchoree huyo fundi. Lakini vitumbua vitatu, wifi, si vinne.

Msalimie jirani wa mlango wa pili, na mwambie kaka chuma cha mama kisioshwe kwa sabuni.

Wako,
Wifi yako wa Aarhus